Kumtoa kichanga nje kwa mara ya kwanza bila kuchanganyikiwa

Mara ya kwanza kumtoa mwanangu nje nilibeba begi kama mtu anayehama. Nguo zake pea tatu, kofia mbili, pampasi kumi, mablanketi, mpaka kale kamkasi ka kucha nilikatia humo, sijui nilidhani kucha zitaota njiani. Tukatembea dakika kumi na mbili tu. Akacheua, yote ikaja kwangu, kuanzia begani mpaka ndani ya sidiria, yeye hata tone halikumgusa, na kwenye begi lote lile hakukuwa na blauzi yangu hata moja. Nikarudi nyumbani nanuka maziwa yaliyoganda huku nimebeba nguo safi pea tatu za mtu ambaye wala hakuchafuka.

Sasa kwa yeyote anayejiandaa kutoka na kichanga naomba uelewe hivi kabla ya kitu kingine: vingi unavyotishiwa navyo ni usumbufu tu, si hatari. Ukisahau pampasi utaaibika kidogo, utarudi, yameisha. Vya kuangalia kwa macho mawili ni vitatu, pumzi yake, joto lake, na watu wanaomsogelea. Hivyo ukivishika vizuri hata begi likiwa na fujo hakuna litakaloharibika.

Kwanza lini? Mtoto aliyetimiza miezi yake (yaani amezaliwa kuanzia wiki ya 37), ananyonya vizuri, anapumua vizuri, hana tatizo lolote aliloambiwa na daktari, hakuna siku maalum ya kusubiri kiafya, hewa ya nje haimdhuru. Na ukifikiria vizuri kwanza ameshatoka, maana kama alizaliwa hospitali siku ya kuruhusiwa si mlitoka nje? Halafu kuna kliniki. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, halafu wiki ya 6. Kwa hiyo wakati watu bado wanabishana kama mtoto atoke au asitoke, yeye ana safari zake kadhaa tayari.

Ila kama ni njiti, au kazaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, au aliwahi kulazwa chumba cha uangalizi, hapo usinisikilize mimi, muulize daktari wake anayemjua. Watoto hao joto linawatoka haraka na wakiwa wamekaa vibaya pumzi inawasumbua upesi kuliko wenzao.

Na wewe mama je? Hili linasahaulika kabisa, watu wote macho kwa mtoto. Damu ya uzazi inaweza kuendelea mpaka wiki 6 hivi, na ukitembea sana utaiona inaongezeka au inarudi kuwa nyekundu, ujue mwili unakwambia umezidisha, rudi ukapumzike. Kama ulifanyiwa upasuaji usibebe kitu kizito kuliko mtoto wiki hizo za mwanzo, na ukimweka mtoto ndani ya kile kiti chake cha gari halafu ukanyanyua vyote viwili, tayari umezidisha, mpe mtu mwingine abebe. Pedi ikijaa chapa ndani ya saa moja, au kichwa kinauma vibaya na macho yanaona ukungu, au mguu mmoja umevimba na unauma, hiyo si ya kutembelea ni ya kwenda hospitali.

Haya, tuseme wote mko vizuri. Mara ya kwanza usiende mbali na usiende kokote kwenye ratiba. Namaanisha usianze na shughuli ambayo watu wanakusubiri saa fulani, maana kichanga hana saa. Toka mpaka mwisho wa mtaa na urudi, dakika 15, 20, nusu saa ikiwa nyingi. Lengo la siku hiyo siyo mtoto aone dunia, wiki za mwanzo anaona vizuri kama sentimita 20 mpaka 30 tu, yaani uso wako ukimpakata, miti na barabara kwake ni ukungu. Lengo ni wewe ujifunze mikono yako inafanyaje kazi ukiwa nje na kiumbe kile. Ukiweza nenda na mtu, si kwa ajili ya kubeba begi tu, ila kuna dakika utahitaji mikono mitatu na Mungu katupa miwili.

Muda wa kutoka uhesabu kuanzia alipomaliza kunyonya. Kichanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku nzima usiku na mchana, ukigawanya unapata kila masaa mawili au matatu, wengine hata mapema zaidi, kwa hiyo ukishamnyonyesha, ukamcheulisha, ukambadilisha, una kama saa moja ya amani. Hiyo ndiyo saa yako. Na mpangilio ni huo huo, anyonye kwanza halafu ndiyo umbadilishe, ukigeuza ukambadilisha kwanza utabadilisha mara mbili, maana akinyonya tu tumbo linaamka na yeye anamaliza kazi.

Nikuonyeshe inavyokuwa. Ameshavaa, vifungo vyote umefunga, mkono mdogo ulikataa kuingia kwenye mkono wa nguo ukauvuta taratibu na vidole viwili ukafanikiwa, begi begani, ufunguo mkononi, umefika mlangoni. Hapo hapo anatulia ghafla. Anakaza uso, anakuwa mwekundu au anajikunja ngumi, halafu inasikika ile sauti. Mwenzangu usikasirike, geuka, rudi kitandani. Mimi siku hizi nikishamvalisha nasubiri dakika tano mlangoni bila kufanya chochote, namwangalia tu usoni, asipofanya natoka.

Jua nalo. Mtoto chini ya miezi 6 hatakiwi kupigwa na jua moja kwa moja, ngozi yake ni nyembamba mno, na zile losheni za jua kwa umri huo hazishauriwi kuwa ndiyo kinga yako ya kwanza, kinga ni kivuli. Jua kali ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni hivi, toka kabla au baada. Kama siku hiyo kuna upepo mkali, mvua, au moshi na vumbi limetanda hewani, ahirisha, kesho ipo.

NGUO, hapa ndipo watu wengi wanapokosea

Kanuni ni nyepesi, mvalishe kama ulivyovaa wewe ukiwa huna baridi wala joto, halafu ongeza nguo moja nyepesi. Basi. Kukiwa na joto kweli hata hiyo moja huongezi, kishati chepesi cha pamba na pampasi yake vinatosha. Kinachotokea ni kwamba kila mtu anayepita anagusa vidole vya mtoto anasema jamani huyu ana baridi, na wewe kwa woga unaongeza sweta, anakuja mwingine anaongeza blanketi, mwisho mtoto anachemka ndani kama ametiwa chunguni. Mikono na miguu ya kichanga huwa ya baridi, wakati mwingine hata rangi inafifia kidogo, damu yake bado haijazoea kufika huko mwisho vizuri. Si kipimo. Kipimo ni kisogoni pale shingo inapoanza, au kifuani chini ya nguo. Ingiza vidole viwili. Pakiwa na uvuguvugu wa kawaida na pakavu, yuko sawa. Pakiwa na kijasho au pamoto, vua kitu kimoja subiri dakika chache gusa tena. Pakiwa baridi, ongeza au mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mwili wa mama unapasha kuliko blanketi lolote.

Kofia ni ya nje kukiwa na baridi au jua. Ukiingia ndani ya nyumba, dukani, kwenye gari lililopata joto, toa hata kama amelala. Kichanga anapunguza joto kwa kiasi kikubwa kupitia kichwani, ukimfunika kofia ndani unaziba bomba. Na joto kupita kiasi linahusishwa na vile vifo vya ghafla vya watoto wakiwa usingizini, kwa hiyo siyo suala la kumbana tu.

Halafu ile tabia ya kufunika kigari cha mtoto kwa khanga au shuka ili jua lisimpige. Inaonekana ni upendo. Lakini hata kitambaa chepesi kinazuia hewa kuzunguka, joto la ndani linapanda na wewe huoni kinachoendelea usoni kwake. Tumia kile kipaa cha kigari chenyewe, au mwavuli, au pita upande wenye kivuli. Kama tatizo ni mbu weka chandarua kinachopitisha hewa, dawa za kupaka za kufukuza mbu zenye kemikali ya DEET hazipakwi mtoto chini ya miezi 2.

Kumbeba: kidevu, kidevu, kidevu

Njia ya hewa ya kichanga ni laini na nyembamba, kichwa ni kizito, shingo haijakaza. Akikaa amejikunja kidevu kikagusa kifua, njia inakunjika kama mrija wa maji uliokanyagwa, na kibaya zaidi halii. Ananyamaza tu. Wewe unasema mashallah leo amelala vizuri. Ndiyo maana nimelirudia mara tatu hapo juu.

Kama unatumia mbeleko au bebi keria, wiki hizi za mwanzo ni mbele tu, amesimama wima kifuani kwako, amekuelekea wewe. Mgongoni subiri mpaka shingo ikaze vizuri, inaanzia kama miezi 4 na kuendelea, maana ukiwa umembeba mgongoni uso wake huuoni. Angalia mambo haya ukishamfunga: imembana vizuri asizame chini wala asining'inie, ukiinamisha macho unauona uso wake bila kufunua chochote, ukiinamisha kichwa unafika kumbusu utosini bila kujikunja, mgongo wake umeegemea haujapinda, na kati ya kidevu na kifua vidole vyako viwili vinapita. Hivyo vidole viwili vijaribishe sasa hivi ukiwa umekaa, uzoee. Miguu iwe imepanuka, magoti juu kidogo ya makalio kama chura, nyonga zake zinapenda hivyo, isining'inie imenyooka chini.

Kama anatoa sauti ya kukoroma au mluzi wakati anapumua, mtoe, mnyooshe, mfunge upya. Ukitaka kuinama kuokota kitu piga magoti, usiinamishe kiuno, na mkono mmoja ushike kichwa chake. Na usipike wala kushika kikombe cha moto ukiwa umembeba mbele, hili nalisema kwa sababu kuna siku nilikuwa na kikombe mkononi akarusha mkono ghafla kama anavyorusha wote, bahati yangu kilikuwa cha maji baridi.

Kigari kizuri kwa kichanga ni kile kinacholala bapa kabisa, vile vya kukaa nusu wima viache mpaka miezi 6 hivi au mpaka aweze kukaa. Breki kila ukisimama hata kama ardhi unaiona imenyooka. Begi usilitundike kwenye mpini, siku ukimtoa mtoto kigari kinapinduka nyuma na vitu vyote. Kwa upande wangu dakika hizo ishirini za kwanza bora kifuani kuliko kigari, analala, unasikia pumzi yake, na faida nyingine nitaisema mbele kidogo kwenye suala la watu.

Gari

Kama mnaenda kwa gari kichanga hapakatwi. Najua mikono ya mama ni salama, lakini gari likigonga hata kwa mwendo wa kawaida uzito wake unazidishwa mara nyingi na hakuna binadamu anayeweza kumshika. Kiti chake kinafungwa siti ya nyuma, yeye anatazama nyuma ya gari. Siti ya mbele yenye eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) inayofanya kazi ni marufuku kabisa kwa kiti kinachotazama nyuma, eabegi ikifumuka inapiga mgongo wa kile kiti kwa nguvu ya kuua. Mikanda ya kiti itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo. Ukishaifunga jaribu kuifinya pale begani kwa kidole gumba na cha shahada, ukipata mkunjo wa kushika bado imelegea, kaza. Koti nene au blanketi havikai chini ya mkanda, gari likigonga ile sufi inabonyea na mkanda unabaki na nafasi mtoto achomoke, mfunge kwanza na nguo zake za kawaida halafu blanketi mfunike kwa juu kuanzia kifuani kwenda chini.

Kiti hicho si kitanda. Mkifika mtoe hata kama inauma kumwamsha, usimwache alale humo kwenye sofa huku mnapiga stori, kidevu kile kile tunachokizungumzia kinaanguka taratibu. Wiki za mwanzo safari ikiwa nusu saa ni nzuri, ikibidi iwe ndefu simameni kabla ya masaa mawili kuisha, mtoeni ajinyooshe. Mtu mzima akae pembeni yake nyuma kama yupo.

Na kumwacha kwenye gari peke yake hata dakika moja hapana. Gari lililofungwa juani ndani ya dakika 10 joto linaweza kupanda karibu nyuzi 10, na mwili wa mtoto unapata moto haraka mara kadhaa kuliko wa mtu mzima. Kama wewe ni wale wa kusahau, na ukiwa hujalala vizuri wiki tatu sote ni wa kusahau, weka simu yako au pochi siti ya nyuma pembeni yake.

Begi

Fupi: pampasi moja kwa kila saa utakayokuwa nje na mbili za akiba. Wipesi au kitambaa cha maji. Kitu cha kumlaza wakati wa kumbadilisha, kinachofutika. Nguo yake pea MOJA. Vitambaa viwili vya kucheulia. Mfuko wa kutia vichafu. Pedi zako. Maji yako ya kunywa, ukinyonyesha kiu inakuja ghafla kama umekimbia. Kadi ya kliniki na namba ya simu ya mtu wa kumpigia ikiandikwa humo. Na blauzi yako!! Kama kitovu hakijadondoka, kawaida kinadondoka ndani ya wiki moja mpaka tatu, kunja pampasi kwa mbele ikae chini ya kitovu kisisuguliwe wala kuloweshwa na mkojo.

Chakula chake kama ananyonya tayari umekibeba. Jifunze kunyonyesha nje kwa kujaribu ndani kwanza, vaa ile nguo utakayoenda nayo, kaa kwenye kiti cha kawaida kisicho na mito, mbele ya kioo, uone nini kinaonekana na nini hakionekani. Utashangaa kidogo sana ndicho kinachoonekana. Ukimfunika na kitambaa, tena kidevu na hewa, usimzibe uso, acha upenyo wa kumchungulia.

Maziwa uliyokamua yanakaa nje ya friji masaa 4 kama joto la mahali halizidi nyuzi 25, kukiwa na joto zaidi hesabu muda mfupi zaidi au tumia kibegi chenye barafu. Wa maziwa ya kopo usitengeneze ukabeba chupa vuguvugu, hapo ndipo bakteria wanafurahi. Beba maji yaliyochemka yakiwa ya moto kwenye thamosi, unga uliopimwa kwenye kichupa kikavu kisafi, na changanya pale anapotaka, maji yakiwa na moto usiopungua nyuzi 70 ili kuua vijidudu vinavyoweza kuwemo kwenye unga wenyewe, halafu poza kwa kuzungusha chupa kwenye maji baridi na dondoshea kwenye kifundo cha mkono wako kabla hajanywa. Yakishatengenezwa masaa mawili yasipite, na akishaanza kunywa yakabaki, baada ya saa moja mwaga, usimtunzie. Maji matupu kichanga hanyweshwi hata kukiwa na joto, mpaka miezi 6, ukiona joto mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Watu sasa

Hii ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu pumzi na joto unapambana mwenyewe, watu unapambana nao wakiwa wanatabasamu. Kichanga kinga yake ni ile ya kuazima, aliyopewa na mama tumboni na anayoipata kwenye maziwa. Chanjo ya kifaduro inaanza wiki ya 6 kwenye nchi nyingi na miezi miwili kwingine, ya surua ni mpaka miezi 9 au hata mwaka, na mafua ambayo kwako ni kupenga tu kwake yanaweza kushuka kifuani yakawa ya kulazwa. Kwa hiyo wiki hizi epuka sehemu za kufungwa zenye watu wamejazana na hewa haizunguki. Sehemu ya wazi yenye watu wachache haina shida.

Sheria zangu zilikuwa chache. Mwenye kikohozi, mafua, homa au anayeharisha hamsogelei, hata awe bibi yake. Anayetaka kumbeba ananawa mikono kwa sabuni kwanza. Anayetaka kumgusa agusie miguu, maana mikono mtoto anaitia mdomoni dakika hiyo hiyo. Na kumbusu hapana kwa mtu yeyote, hasa mwenye vile vidonda vya mdomoni vinavyotokea kama malengelenge, wale virusi kwa mtu mzima ni aibu ya siku chache, kwa kichanga vinaweza kuingia mpaka kwenye ubongo. Wavuta sigara nao, moshi unabaki kwenye nguo, usimpe.

Unasemaje bila kugombana? Mimi mama mmoja wa makamo alinijia mikono imeshanyooshwa, anasema lete huyo nimwone, na alikuwa ametoka kupenga kamasi mbele ya macho yangu kabisa. Ulimi ukaniganda. Nikajikuta nasema, "Shikamoo mama, daktari ametukataza asishikwe kwanza, tusameheane." Akarudisha mikono, akasema, "Aah basi mwanangu, daktari ndiyo kasema." Daktari hakuwa amesema hivyo kwa maneno hayo, ila toka siku hiyo namtumia sana, maana daktari habishiwi na wala hakasiriki. Na hii ndiyo faida ya kumbeba kifuani niliyosema nitaitaja, mtoto akiwa kwenye kigari kila mtu anainama humo na mkono, akiwa amefungwa kifuani mwa mama ni wachache wenye ujasiri wa kuja kuchokonoa hapo.

Akianza kulia

Atalia. Watu watageuka. Kagua kwa mpangilio, njaa, pampasi, joto (kisogoni), gesi, amechoka. Mara nyingi ni hilo la mwisho na tunalikosea kwa kudhani amechoshwa na kukaa, kumbe amezidiwa na sauti na mwanga. Kabla ya kulia huwa anakuambia kwa lugha yake, anageuza uso pembeni ukimsemesha, anapiga miayo, kwikwi, chafya mfululizo, anatawanya vidole kama anasimamisha gari, anakunja ngumi. Ukiona hizo usimtikise na kumwimbia kwa nguvu, mpunguzie, mgeuzie uso kifuani kwako, nenda sehemu tulivu, na kama ni siku ya kwanza rudini nyumbani tu. Kurudi baada ya dakika tano siyo kushindwa, mmetoka mmerudi, hesabu imekamilika. Na ujue kilio cha vichanga kinaongezeka mpaka kufikia kilele karibu na wiki ya 6 halafu kinapungua, kwa hiyo ukiona wiki ya tano ni ngumu kutoka kuliko wiki ya pili hujakosea kitu.

Lakini kuna kulia na kuna kuumwa. Mambo haya ukiyaona, uwe nje au ndani, nenda kituo cha afya moja kwa moja usisubiri asubuhi: amekataa kunyonya au ananyonya kwa unyonge, joto la kwapani limefika nyuzi 37.5 au zaidi, au limeshuka chini ya 35.5 na hata ukimpasha hapandi, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, hesabu dakika nzima kwa saa maana vichanga wanapumua kwa vipande vipande, kifua kinabonyea kwa ndani akivuta hewa, midomo au ulimi umekuwa wa bluu, anakakamaa, amelegea haamki mpaka umsumbue, au viganja na nyayo zimekuwa za njano. Na usimpe dawa ya homa ya kubahatisha kwanza ili uone kama itashuka, kwa umri huo homa yenyewe ndiyo taarifa daktari anayoihitaji.

Mkirudi nawa mikono, kama mlipita kwenye watu au moshi badilisha nguo yako ya juu kabla hujamnyonyesha, mguse kisogoni, mvue vya ziada. Halafu kabla hujakaa, na hili nakuomba kabla makalio hayajagusa kiti, jaza begi upya, pampasi zilizotumika rudisha idadi, vitambaa vichafu toa, vikibaki humo mpaka wiki ijayo utavijua kwa harufu. Langu linakaa limetundikwa nyuma ya mlango. Mwanangu sasa anatembea, pampasi zimepungua, kofia imeshakuwa ndogo nimeigawa, ila ile blauzi bado imo.